Kuunganisha HubSpot na Microsoft Entra ID: mwongozo wa kuweka SSO

Kampuni inapoanza kutumia jukwaa la masoko lililo kwenye wingu kama HubSpot, mara nyingi watumiaji huwa watu wachache wa idara ya masoko, na kila mmoja huingia kwa barua pepe na nenosiri alilojitungia mwenyewe. Baadaye watu wa mauzo huongezwa, kisha wa huduma kwa wateja, kisha wakala wa matangazo wa nje, na hatimaye hutokea kwamba mtu aliyeacha kazi mwaka juzi bado anaweza kuifungua orodha nzima ya wateja akiwa nyumbani kwake, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwondoa. Kuingia kwa akaunti moja, yaani SSO, hupunguza hatari hiyo kwa kuliondoa swali la "huyu ni nani?" mikononi mwa HubSpot na kuliweka kwenye saraka ya wafanyakazi ya kampuni yenyewe, ambako akaunti hufunguliwa mtu anapoajiriwa na kufungwa anapoondoka.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuunganisha HubSpot na Microsoft Entra ID, huduma ya Microsoft inayotunza saraka hiyo ya wafanyakazi na kuwathibitisha wanapoingia. Nimeichagua jozi hii kwa sababu ofisi inayotumia Microsoft 365 kwa barua pepe na mikutano tayari inayo Entra ID, hata kama wafanyakazi wake hawajawahi kulisikia jina hilo. Hadi mwaka 2023 huduma hiyo iliitwa Azure Active Directory. Anayetumia Okta au Google Workspace kwa kazi hiyo ya saraka ataikuta mantiki ni ile ile, ingawa vitufe vinaitwa vingine. Majina ya vitufe na menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini. Kampuni hizi zina tabia ya kuhamisha menyu kila baada ya muda, kwa hiyo usipokikuta kitufe mahali nilipokitaja, kitafute kwa kazi yake.

Jambo moja nilitangulize. Sehemu ya kubofya na kubandika katika kazi hii ni fupi na mtu makini huimaliza kwa asubuhi moja. Kinachoamua kama Jumatatu itakuwa tulivu au simu za malalamiko zitalia ni usafi wa orodha ya watumiaji kabla ya kuanza, na hasa kama anwani ya barua pepe ya kila mtu katika HubSpot inalingana na ile iliyoko kwenye saraka.

Kinachotokea mtu anapoingia

HubSpot hutumia SAML 2.0, itifaki iliyoidhinishwa na shirika la viwango la OASIS mwezi Machi 2005. Mtumiaji anapochagua kuingia kwa SSO, HubSpot haimwombi nenosiri, bali inakielekeza kivinjari chake kwenye ukurasa wa Microsoft. Huko ndiko anakothibitishwa kwa nenosiri la kazini na, ikiwa kampuni imeweka sharti hilo, kwa uthibitisho wa pili kwenye simu. Akikubalika, Entra ID huandika hati fupi inayosema mtu huyu ni nani, huitia saini ya kidijitali, na kukikabidhi kivinjari kiipeleke HubSpot. HubSpot huikagua saini, husoma anwani ya barua pepe iliyomo, humtafuta mtumiaji mwenye anwani hiyo katika akaunti, na kumfungulia. Ni kama barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unayoipeleka benki: karani hakujui, wala hahitaji kukujua, anautambua muhuri wa mwenyekiti, kisha analinganisha jina lililo kwenye barua na lililo kwenye fomu yake.

Kwa hiyo mambo unayoyasanidi ni matatu tu, yaani anwani za pande mbili, cheti kinachoiwezesha HubSpot kuitambua saini, na jina la mtumiaji linaloandikwa ndani ya hati, ambalo katika SAML huitwa NameID. Hitilafu nyingi zitakazokupata zitatoka kwenye moja ya hayo matatu. Faida nyingine ya mpangilio huu ni kwamba hati yote hupita kwenye kivinjari cha mtumiaji, hivyo huna haja ya kumwomba fundi wa mtandao afungue njia yoyote ya pekee kati ya ofisi na seva za HubSpot.

Maandalizi

Kwanza hakikisha unazo ruhusa. Upande wa HubSpot unahitaji kuwa Super Admin, na upande wa Entra unahitaji angalau wadhifa wa Cloud Application Administrator. Katika kampuni nyingi hawa ni watu wawili tofauti, mmoja wa masoko na mmoja wa TEHAMA, na ni vyema wakae meza moja siku ya kazi kuliko kutumiana picha za skrini kwa WhatsApp. Hakikisha pia kifurushi chenu cha HubSpot kinaruhusu SSO, kwa kuwa kile cha bure hakina huduma hiyo.

Kisha geukia orodha ya watumiaji. Fungua ukurasa wa watumiaji katika HubSpot, toa orodha yote kama faili la jedwali, na uiweke kando ya orodha ya wafanyakazi iliyoko Entra. Pitia jina moja baada ya jingine. Utakutana na makundi manne, na kila moja lina dawa yake.

Wapo ambao anwani zao zinalingana herufi kwa herufi, hao waache. Wapo waliojiandikisha HubSpot kwa Gmail ya binafsi enzi kampuni ilikuwa bado changa, na hawa hawataingia kamwe kwa SSO mpaka anwani zibadilishwe. Mtumiaji mwenyewe anaweza kubadilisha barua pepe yake katika mipangilio yake, lakini akumbushwe kwamba utambulisho wa mtumiaji katika HubSpot ni mmoja kwa akaunti zote anazozifikia, hivyo kama anawafanyia kazi wateja wengine kwa anwani hiyo hiyo, mabadiliko yatamfuata huko pia. Kwa mtu wa namna hiyo ni afadhali kumfungulia mtumiaji mpya kwa anwani ya kazini, kumhamishia mawasiliano na mikataba iliyokuwa chini ya jina la zamani, kisha kulizima lile la zamani.

Kundi la tatu ni la anwani zisizo za mtu mmoja, kama vile "masoko@" au "mauzo@" ikifuatiwa na kikoa cha kampuni, ambazo watu kadhaa huzitumia kwa nenosiri moja lililoandikwa kwenye karatasi. Ushauri wangu ni kuzivunja kabisa badala ya kuzitengenezea akaunti kwenye saraka. Madhumuni ya kazi hii ni kila tendo liwe na mtu, na akaunti ya watu watano inalirudisha tatizo kwa mlango wa nyuma. Isitoshe, uthibitisho wa pili ukiwa kwenye simu ya mmoja wao, wengine wanne watakuwa wanamsumbua kila asubuhi.

Kundi la nne ni la watu wa nje, kwa mfano mbunifu wa matangazo au wakala wa mitandao ya kijamii. Hawa hawamo kwenye saraka yenu. Unaweza kuwaalika Entra kama wageni, au kuwaacha nje ya sharti la SSO kwa utaratibu nitakaoueleza mbele. Mimi huelekea kuwaalika kama wageni, kwa kuwa mkataba wa wakala ukiisha unafuta mwaliko mmoja na mambo yamekwisha.

Kwa kampuni za Kenya na Tanzania kazi hii ya kusafisha orodha ina uzito wa kisheria pia. Orodha ya wateja ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayezidhibiti taarifa amjulishe Kamishna ndani ya saa 72 tangu afahamu kwamba zimefikiwa bila idhini na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wahusika, na Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kampuni isiyoweza kusema nani alikuwa na uwezo wa kuifungua orodha hiyo siku fulani itapata shida kuandika taarifa ya namna hiyo.

Hatua ya 1: Ongeza HubSpot ndani ya Entra

Ingia kwenye kituo cha usimamizi kilichoko entra.microsoft.com, fungua "Enterprise apps", kisha bofya "New application". Utaona maktaba ya programu zilizokwisha kuandaliwa. Tafuta HubSpot, ichague, na uiongeze. Unaweza kuibadilisha jina kabla ya kuihifadhi. Kama kampuni ina akaunti mbili za HubSpot, kwa mfano moja ya Nairobi na nyingine ya Dar es Salaam, andika jina linalotofautisha, kwa sababu kila akaunti ina namba yake na itahitaji programu yake hapa.

Fungua programu uliyoiongeza, nenda kwenye mali zake, yaani "Properties", na uangalie swali linalouliza kama ni lazima mtumiaji apangiwe ndipo aingie. Jibu libaki "Yes". Likiwa "No", yeyote mwenye akaunti ya kampuni ataweza kupata hati ya kuingia HubSpot, na kinga pekee itakayobaki ni kwamba hana mtumiaji upande wa pili.

Hatua ya 2: Peleka anwani za HubSpot

Katika kichupo kingine cha kivinjari ingia HubSpot, bofya alama ya gia ya mipangilio, nenda sehemu ya "Security", na uchague kuweka SSO. Kutafunguka kidirisha chenye anwani mbili za kunakili. Ya kwanza ni kitambulisho cha mtoa huduma, ambayo HubSpot huiita "Audience URI", na ya pili ni mahali hati inapopaswa kupelekwa.

Rudi Entra, fungua "Single sign-on", chagua SAML, kisha bofya alama ya kalamu kwenye kisanduku cha kwanza, "Basic SAML Configuration". Anwani ya kwanza ibandike kwenye "Identifier", na ya pili kwenye "Reply URL". Ukitaka watumiaji waweze kuanzia kwenye ukurasa wa HubSpot wenyewe, jaza na "Sign on URL", ambayo ni https://app.hubspot.com/login. Hifadhi.

Zinakili anwani hizi kutoka kwenye skrini ya akaunti yenu, wala usizichukue kwenye mfano uliouona mahali pengine, kwa kuwa zote mbili huishia na namba ya akaunti. Namba ikikosewa tarakimu moja, anwani bado itaonekana sahihi kabisa kwa macho, na utapoteza muda mrefu ukiitafuta hitilafu mahali isipokuwepo.

Hatua ya 3: Amua NameID itoke wapi

Hapa ndipo nakushauri upunguze mwendo. HubSpot inataka NameID iwe anwani ya barua pepe ya mtumiaji, ile ile anayojulikana nayo katika akaunti. Entra, kwa chaguo-msingi lake, hupeleka kile inachokiita "user.userprincipalname", yaani jina la kuingilia la mtu katika saraka. Katika kampuni nyingi jina hilo na barua pepe ni kitu kimoja, na kwa sababu hiyo wengi hupita hapa bila kutazama. Lakini ziko hali tatu ambazo si kitu kimoja.

Ya kwanza ni pale saraka ilipoanzishwa kabla kampuni haijaunganisha kikoa chake, hivyo majina ya kuingilia yakabaki na mwisho wa onmicrosoft.com huku barua pepe zikitumia kikoa halisi. Ya pili ni pale mtu alipobadilisha jina, pengine baada ya ndoa, barua pepe ikabadilishwa lakini jina la kuingilia likaachwa. Ya tatu ni ya wageni: jina la kuingilia la mgeni huwa refu na lenye alama za #EXT# katikati, na hakuna mtumiaji yeyote wa HubSpot mwenye anwani ya namna hiyo.

Kwa hali zote tatu, fungua "Attributes & Claims", bofya mstari wa kitambulisho cha mtumiaji, na ubadilishe chanzo kiwe "user.mail". Muundo wa jina uache kwenye barua pepe. Kabla ya kuhifadhi, hakikisha kila mtu atakayetumia HubSpot ana kitu kilichoandikwa kwenye nafasi ya barua pepe katika saraka, kwa sababu akaunti zilizoundwa bila sanduku la barua huwa na nafasi hiyo tupu. Hapo ndipo lile jedwali ulilolitengeneza wakati wa maandalizi linapolipa: ongeza safu ya "mail" na safu ya jina la kuingilia, kisha tazama safu ipi inalingana na ya HubSpot kwa watu wote.

Hatua ya 4: Wapangie watu

Watu wengi huiacha hatua hii mwisho, nami naileta mapema kwa sababu hatua inayofuata itakudai uingie kweli kupitia Entra, na kama wewe mwenyewe hujapangiwa programu hii, utakataliwa na kudhani umekosea cheti.

Fungua "Users and groups" na ujiongeze mwenyewe pamoja na mtu mmoja au wawili wa majaribio, ikiwezekana mmoja wao awe mgeni. Baadaye utaongeza kundi zima. Kupanga kwa makundi kunahitaji leseni ya Entra ID P1 au P2. Asiye nayo atawapanga watu mmoja mmoja. Kumbuka pia kwamba kundi lililo ndani ya kundi halihesabiwi. Ukilipangia kundi la "Idara ya Biashara" ambalo ndani yake mna kundi la "Masoko" na kundi la "Mauzo", wale waliomo kwenye makundi ya ndani hawatapata ruhusa. Yapangie yale ya ndani moja kwa moja.

Hatua ya 5: Beba cheti na anwani kwenda HubSpot

Ukiwa bado kwenye ukurasa wa SAML wa Entra, shuka hadi sehemu ya vyeti na upakue kile kilichoandikwa "Certificate (Base64)". Kifungue kwa programu nyepesi ya maandishi, kama Notepad, wala si kwa Word. Nakili yote, kuanzia mstari wa BEGIN CERTIFICATE hadi ule wa END CERTIFICATE, na vistari vyake vyote.

Chini ya vyeti kuna sehemu yenye anwani za Entra. Unahitaji mbili. "Microsoft Entra Identifier", inayoanza na https://sts.windows.net, inakwenda HubSpot kwenye nafasi ya kitambulisho cha mtoa utambulisho. "Login URL", inayoanza na https://login.microsoftonline.com, inakwenda kwenye nafasi ya anwani ya kuingilia. Ile ya kwanza huishia na mkwaju (/), na mkwaju huo ni sehemu ya jina; ukiukata kwa kudhani ni pambo, majina hayatalingana. Cheti kibandike kwenye nafasi ya tatu.

Bofya "Verify". HubSpot itakupeleka kwenye ukurasa wa Microsoft uingie, na ukirudi salama itahifadhi mpangilio. Ukirudishwa na ujumbe wa kosa, usibadilishe vitu vitatu kwa wakati mmoja. Nenda sehemu ya hitilafu hapo chini kwanza.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kulazimisha

Mpaka hapa SSO ipo lakini si lazima, na watu bado wanaweza kuingia kwa nenosiri la zamani. Iache katika hali hiyo kwa siku kadhaa. Waombe wale wa majaribio wafungue dirisha la faragha la kivinjari, ili kumbukumbu za kuingia kwa zamani zisiwadanganye, kisha waingie kwa njia mbili: kwa kuanzia ukurasa wa HubSpot na kuchagua SSO, na kwa kuanzia ukurasa wa programu zao ulioko myapps.microsoft.com na kubofya picha ya HubSpot. Wajaribu pia programu ya simu, hasa watu wa mauzo ambao kazi zao nyingi huzifanyia barabarani.

Kuwepo Entra hakumfanyi mtu awepo HubSpot. Kwa mpangilio huu peke yake, mfanyakazi mpya ni lazima aongezwe pande zote mbili, na ruhusa zake za ndani, kama vile kutuma kampeni au kutoa orodha ya wateja, zitaendelea kupangwa ndani ya HubSpot. SSO inathibitisha mtu ni nani; haisemi lolote kuhusu anachoruhusiwa kufanya akishaingia. Kama kifurushi chenu kina usawazishaji wa watumiaji kwa itifaki ya SCIM, ambayo huwaongeza na kuwaondoa watumiaji HubSpot yenyewe kwa kufuata saraka, ongeza baadaye, SSO ikishatulia.

Hatua ya 7: Fanya SSO iwe lazima, lakini bakiza mlango

Majaribio yakikubali, lipangie kundi zima kule Entra, watumie watu ujumbe wa kuwaeleza watakachokiona na lini, kisha rudi kwenye sehemu ya usalama ya HubSpot na uwashe sharti la kwamba kila mtu aingie kwa SSO. Usifanye hivi Ijumaa jioni, wala asubuhi ya siku ambayo kampeni kubwa inatumwa.

Kabla ya kuhifadhi, weka angalau Super Admin mmoja kwenye orodha ya wanaosamehewa sharti hilo. Cheti kikiisha muda, au Entra ikipata hitilafu, au mtu akifuta programu kwa bahati mbaya, mtu huyo ndiye pekee atakayeweza kuingia na kuzima SSO. Akaunti hiyo iwe na nenosiri refu lisilotumika kwingine na uthibitishaji wa hatua mbili, na ihifadhiwe kwenye kabati la manenosiri la kampuni ambalo watu wawili wanaweza kulifungua. Orodha hii ya msamaha ndiyo pia njia ya kuwaacha watu wa nje ambao hukutaka kuwaalika kama wageni, ila ipitie kila robo mwaka, kwa sababu orodha za msamaha zina kawaida ya kukua bila mtu kuziangalia.

Hitilafu zinazojitokeza

Ukurasa wa Microsoft ukionyesha AADSTS50105, mtumiaji hajapangiwa programu; angalia kama yuko ndani ya kundi lililo ndani ya kundi. AADSTS700016 maana yake kitambulisho kilichotumwa na HubSpot hakipatikani kwenye saraka, na hapo "Identifier" ndiyo ya kuangaliwa, au mtu ameingia kwenye saraka ya kampuni nyingine. AADSTS50011 inahusu "Reply URL" isiyolingana. Kanuni ya kupambanua ni rahisi: namba ya AADSTS inatolewa na Microsoft, kwa hiyo mtu bado hajafika HubSpot, na kubadilisha chochote upande wa HubSpot kwa kubahatisha hakutasaidia. Kumbukumbu za kuingia katika Entra zitakuonyesha jaribio lenyewe na sababu ya kukataliwa, lakini ziangalie mapema: hutunzwa siku 7 kwa wasio na leseni ya kulipia na siku 30 kwa wenye P1 au P2.

Mtu akipita kwa Microsoft kisha HubSpot ikamkataa, mambo ni mawili: saini haikutambuliwa, au jina halikupatikana. Kama watu wote wanakataliwa, kiangalie cheti na kile kitambulisho chenye mkwaju. Kama ni mmoja tu, ni NameID. Ili kuacha kubahatisha, weka kwenye kivinjari kiendelezi kiitwacho SAML-tracer, kinachopatikana kwa Firefox na Chrome, urudie kuingia, na uisome hati yenyewe. Ndani yake utaiona NameID kama ilivyotumwa, na mara nyingi jibu liko hapo wazi: herufi iliyozidi, kikoa cha zamani, au ile #EXT#. Hati hiyo ina taarifa za mtu na inaweza kutumiwa kuingilia kabla muda wake mfupi haujaisha, hivyo usiitume ovyo kwenye makundi ya msaada.

Hali nyingine inayowachanganya watu ni kivinjari chenye akaunti mbili za Microsoft, ya kazini na ya binafsi au ya mwajiri mwingine. Microsoft huchukua ile iliyo wazi, na mtumiaji anaapa kwamba ameingia sawasawa. Dirisha la faragha hulimaliza swali hilo upesi.

Matunzo ya baadaye

Cheti cha Entra, kwa chaguo-msingi, hudumu miaka mitatu. Microsoft hutuma barua pepe za kukumbusha siku 60, 30 na 7 kabla ya kuisha, na zinakwenda kwa anwani zilizoandikwa kwenye sehemu ya vyeti ya programu, ambapo kwa kawaida huwa imeandikwa anwani ya aliyeiongeza programu na si ya mwingine. Miaka mitatu ni muda wa kutosha kwa mtu huyo kuwa ameshahama kazi. Andika hapo anwani ya kikundi cha TEHAMA, na uweke pia tarehe kwenye kalenda ya idara.

Siku ya kubadilisha, tengeneza cheti kipya Entra bila kukiamilisha, kipakue, kisha ingia HubSpot kwa akaunti ile iliyosamehewa. Bandika cheti kipya HubSpot na ukiamilishe Entra papo hapo, mmoja baada ya mwingine. Katikati ya matendo hayo mawili kuna muda mfupi ambao hakuna anayeweza kuingia upya, kwa hiyo fanya baada ya saa za kazi.

Mfanyakazi anapoondoka, kufunga akaunti yake Entra kunazuia kuingia upya, lakini hakumtoi mara moja yule ambaye tayari yumo ndani ya HubSpot kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo mwondoe pia katika orodha ya watumiaji wa HubSpot siku hiyo hiyo, na uandike hatua hizo mbili kwenye fomu ya kukabidhi ofisi, kando ya laptopu na kitambulisho. Kisha angalia tokeni, yaani funguo za maandishi ambazo mfumo hujitambulisha nazo kwa HubSpot bila mtu kuingia. HubSpot iliacha kutumia funguo zake za zamani za API (njia ya mifumo mingine kuunganishwa nayo) tarehe 30 Novemba 2022, na siku hizi mifumo mingine, kama duka la mtandaoni au programu ya hesabu, huunganishwa kwa tokeni za programu binafsi. Tokeni haziulizwi na Entra wala hazipitii SSO. Kama aliyeondoka ndiye aliyeziweka au alikuwa na nakala zake, zibadilishe kwenye mipangilio ya programu binafsi, na uwajulishe kwanza wenye mifumo inayozitumia ili oda za wateja zisikatike katikati ya siku.